Karatasi Nyuma ya Kuatro: Kisa cha Ensamble Gurrufío

Chukua kizibo cha soda, kigonge kwa jiwe mpaka kilale bapa, kitoboe matundu mawili katikati, pitisha uzi na ufunge ncha zake. Tia kidole kila upande, zungusha uzi ujisokote, kisha vuta na kulegeza, vuta na kulegeza. Kizibo kinaenda mbio huku kinavuma. Aliyekulia uswahilini anakijua kichezeo hiki, na anajua makali yake ukikisogeza karibu na uso. Venezuela watoto wanacho hichohicho, na wanakiita gurrufío.

Mwaka 1984, jijini Caracas, wanamuziki wanne walilichukua jina hilo wakalipa kundi lao: Ensamble Gurrufío. Luis Julio Toro alishika fluti, Cristóbal Soto mandolini, chombo kidogo cha nyuzi za kudonoa, David Peña kontrabasi, lile besi la kusimama linalompita mpigaji kimo, na Asdrúbal Hurtado, ambaye kila Mvenezuela anamwita Cheo, alishika kuatro, gitaa dogo la nyuzi nne. Ngoma hawakuwa nayo, wala mwimbaji, wala kinubi. Baadaye yaliingia manyanga mikononi mwa Juan Ernesto Laya.

Mimi nafundisha fidla. Wanafunzi wangu wengi wanakuja na mdundo tayari mwilini, wameupata harusini na kwenye maulidi, na kazi yangu ni kuwafundisha kusoma nota. Kila mwaka naona jambo lilelile likitokea: nota zinapoingia, kitu kingine kinatoka. Mtoto aliyekuwa anachezesha bega anakaa wima kama mshumaa, anahesabu midomoni, na anachopiga ni sahihi na kimepoa. Swali langu kwa muda mrefu limekuwa, je, lazima iwe hivyo? Gurrufío ndio jibu bora ninalolijua, na ndiyo maana nataka kukichambua kisa chao kwa kirefu.

Wengi husema kwamba kundi hili lilichanganya muziki wa asili na klasiki. Neno hilo linaniudhi kidogo, kwa sababu mtu huchanganya vitu visivyojuana. Muziki wa Venezuela na karatasi ya nota walikuwa wanajuana tangu zamani, tena kwa undani. Kipande kimoja tu kinatosha kulionyesha hilo.

Shetani aliyefunguliwa

Mwaka 1878 Heraclio Fernández alichapisha valsi ya piano, dansi ya kuhesabu tatu tatu, aliyoiita El Diablo Suelto, yaani shetani aliyefunguliwa. Piano wakati huo ilikuwa chombo cha sebule za watu wenye nafasi, na valsi ilikuwa imefika kutoka Ulaya mapema katika karne hiyohiyo. Lakini ilipofika Venezuela haikubaki kama ilivyoshuka melini. Mkono wa kulia wa mpiga piano ulishika sauti ya wimbo, na mkono wa kushoto ukaanza kufanya mambo ambayo Vienna, mji wa valsi, hayapo.

Fernández huyohuyo aliandika pia kitabu cha kufundisha, na jina lake refu linaeleza kila kitu: njia ya kujifunza kusindikiza vipande vya dansi kwa mtindo wa Kivenezuela, bila haja ya masomo mengine yoyote, kwa kiwango cha uwezo wa kila mtu. Nimelitafakari sana jina hilo. Mtu wa karatasi, mtunzi anayechapisha nota, anakiri hadharani kwamba kuna "mtindo wa Kivenezuela" wa kusindikiza ambao unahitaji kufundishwa peke yake. Maana yake, tangu wakati ule ukurasa uliochapishwa ulikuwa nusu ya muziki. Nusu ya pili ilikaa mkononi mwa mpigaji.

Kisha kipande kikatoka sebuleni. Wapiga kuatro wakakinyakua, wakakiongeza mwendo, kikageuka kuwa joropo, muziki wa dansi wa nchi nzima. Leo wapo wanaokipiga vizuri ajabu na hawajui kama kuna mtu aliwahi kukiandika. Gurrufío walipokipiga kwa fluti na mandolini, walikuwa wanamrudisha mtoto sebuleni kwa babu yake, akiwa na vumbi la safari yote miguuni, na hawakumpangusa vumbi hilo. Mwaka 2003 mpiga gitaa John Williams, gwiji wa gitaa la klasiki, alitoa albamu nzima ya muziki wa Venezuela na kuipa jina la kipande hichi.

Joropo lenyewe lina historia ya kusukumwa nje. Mwaka 1749, Venezuela ikiwa bado chini ya Wahispania, dansi iliyoandikwa kwa jina la xoropo escobillado ilipigwa marufuku. Ndani yake mna fandango, dansi ya Hispania, mna watu wa asili wa nchi ile, na mna Waafrika waliopelekwa kule utumwani.

Vipigo sita

Gonga meza vipigo sita vilivyo sawa. Kaza cha kwanza na cha nne: unapata makundi mawili ya vipigo vitatu. Sasa, bila kubadili mwendo, kaza cha kwanza, cha tatu na cha tano: unapata makundi matatu ya vipigo viwili. Katika joropo hesabu hizi mbili zinakwenda pamoja kwa wakati mmoja. Besi linaweza kutembea kwa tatu huku kuatro na manyanga wanazunguka kwa sita, na fluti inapita juu ikiegemea upande huu mara moja, upande ule mara nyingine. Mpiga ngoma wa chakacha hahitaji maelezo haya, amelala na kuamka nayo.

Juu ya hapo kuna njia mbili za kuukalia mdundo. Wenyewe wanaziita por corrío na por derecho. Mapigo ya mkono ni yaleyale, lakini mkazo umesogezwa hatua moja. Anayekaa kwenye njia moja wakati wenzake wako kwenye nyingine ataharibu wimbo wote bila kukosea hata nota moja. Wavenezuela wana neno kwa mtu huyo: wanasema se atravesó, amekatisha njia, kama ng'ombe aliyesimama katikati ya barabara.

Nilijaribu mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikaa watatu nyumbani kwangu, fidla, gitaa na besi, tukaweka nota za El Diablo Suelto kwenye stendi. Wote tumesoma, wote tunasoma nota bila shida. Tulihesabu moja, mbili, tatu, tukaanza. Kila nota ilikuwa mahali pake na hakukuwa na shetani yeyote aliyefunguliwa. Ilitoka valsi nzuri ya watu waliovaa glavu. Tuliongeza mwendo, ikawa valsi ya watu waliovaa glavu wanaowahi basi. Tatizo letu halikuwa kwenye vidole. Tulikuwa tunamtafuta mdundo kwenye karatasi, na yeye hakai huko.

Kazi ya kinubi, mikono mitatu

Kwenye nyanda za Llanos, ambako joropo linajulikana zaidi, kundi la kawaida ni kinubi, kuatro na manyanga. Kinubi ndiye bwana mkubwa hapo. Mkono wa kulia unapiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mkono wa kushoto unanguruma kwenye nyuzi nene, na mpigaji mmoja anabeba juu na chini kwa pamoja.

Gurrufío hawakuwa na kinubi, na kutokana na hilo mengi ya sauti yao yanaeleweka. Ile ngurumo ya chini ilikwenda kwenye kontrabasi. Sauti ya wimbo ikagawanywa kati ya fluti na mandolini. Kilichokuwa ndani ya kichwa kimoja sasa kimekaa kwenye vichwa vitatu, na vichwa vitatu lazima viongee. Hapa ndipo elimu ya okestra ilipofanya kazi yake ya kweli. Toro alisoma London, kwenye Royal College of Music, na mtu aliyepita shule ya namna hiyo amefundishwa miaka na miaka jambo moja ambalo mpiga joropo wa nyandani pengine hakulihitaji: kujipunguza. Fluti ikipigwa kwa nguvu zote inaimeza mandolini, maana mandolini ina sauti fupi, ya kudonoa, inayozimika mara tu inapozaliwa. Sikiliza wanavyopiga pamoja. Mara nyingi fluti inavuta pumzi ndefu chini kidogo ya mandolini, kiasi kwamba unasikia chombo kimoja chenye kucha na chenye upepo. Kisha wanaachana, mmoja anakwenda juu, mwingine anamjibu, na besi linateka kipande cha wimbo ambacho hakuna aliyekitarajia.

Huo ni ufundi wa muziki wa chemba, wa watu wachache wanaosikilizana bila kiongozi wa kupunga fimbo. Waliuleta, wakautumia kwenye mpangilio, kwenye usafi wa sauti, kwenye kuanza pamoja na kumaliza pamoja. Kuna mahali pamoja hawakupagusa nao, na naona hapo ndipo walipofanya uamuzi mkubwa kuliko yote, hata kama hawakuwahi kukaa kikao kuuamua: muda waliuacha mikononi mwa kuatro.

Ndizi inayoanza kuiva

Kuatro ni chombo cha nyumbani. Kinatundikwa ukutani, kila mtu anakigusa, na mtoto anafundishwa kukituni kwa maneno mawili: cambur pintón. Kwa Kihispania cha Venezuela, cambur ni ndizi, na pintón ni ile iliyoanza kubadilika rangi, haijaiva bado. Silabi nne kwa nyuzi nne: cam, bur, pin, tón. La, re, fa diyezi, si. Unaimba, unakaza uzi, umemaliza. Hakuna kifaa, hakuna piano ya kulinganisha nayo.

Ajabu iko kwenye uzi wa nne. Sauti inapanda ngazi tatu, na badala ya kuendelea kupanda, ile si inashuka chini na kukaa jirani kabisa na uzi wa kwanza. Kwa hiyo nyuzi zote nne zimebanana katikati, hakuna nzito ya kweli wala nyembamba ya kweli. Ukizipiga kwenda chini au kurudi juu, unapata mfinyo uleule wa sauti. Chombo kama hicho hakiwezi kubeba besi, na kwa kuimba peke yake kinahitaji bingwa. Lakini kwa kupiga mwendo hakina mpinzani, kwa sababu mkono haupotezi lolote unaposhuka wala unapopanda.

Kisha lipo pigo la kuziba. Mkono unashuka juu ya nyuzi na papo hapo unazinyamazisha kwa nyama ya kiganja, na kinachotoka ni mlio mkavu usio na nota, chak. Ndani ya kila mzunguko wa joropo pigo hilo lina mahali pake. Ndiyo ngoma ya kundi lisilo na ngoma. Nilipoanza kumsikiliza Cheo Hurtado nilikuwa nafuata vidole vyake vya kushoto, vinavyokimbia kama panya juu ya dari. Nilichelewa sana kugundua kwamba siri iko kwenye mkono wa kulia, kwenye ule mkavu. Toa chak, na fluti haina pa kutua.

Hurtado anatoka Ciudad Bolívar, mji ulio kando ya mto Orinoco, na kuatro aliianzia masikioni. Huyu ndiye aliyeketi katikati ya watu wa konsavatori, shule za juu za muziki. Kundi lingeweza kumgeuza yeye awafuate: aandikiwe sehemu yake, ahesabu, asubiri. Ndivyo inavyofanyika mara nyingi duniani, mpiga chombo cha asili anaalikwa jukwaani, anapewa dakika nane za kupendeza, kisha okestra inaendelea na mambo yake. Gurrufío walikwenda kinyume. Waliosoma ndio waliomfuata ambaye mwili wake una saa.

Tano au sita?

Mfano unaoonyesha hili wazi zaidi ni merengue ya Caracas. Haihusiani sana na ile ya Jamhuri ya Dominika ambayo redio zetu zinaijua. Hii ni ya mitaani, ya makundi ya zamani ya mji, ina mwendo wa kuchechemea, kama mtu anayetembea haraka na kiatu kimoja kimemlegea.

Wanamuziki wa Venezuela wamebishana miaka mingi namna ya kuiandika. Wapo wanaoiandika mbili kwa nne, wapo wa sita kwa nane, wapo wa tano kwa nane. Ile tano kwa nane imepata wafuasi wengi, na ukiisoma inaeleweka: vipigo vitano vidogo, tatu na mbili, na kule kuchechemea kunaonekana kwa macho. Lakini mpe mwanafunzi mzuri wa Ulaya ukurasa huo aupige kama ulivyo. Atapiga vitano vilivyo sawa kabisa, kama meno ya kitana, na merengue itakuwa imekufa. Inavyopigwa na wenyewe, vipigo havilingani. Kuna kimoja kinachovutwa kidogo, ukipima unakuta uko mahali fulani kati ya tano na sita, na mahali penyewe panahama kulingana na mwendo na mkono wa mpigaji.

Mwalimu wa nota anaposikia hivyo hukunja uso, najua, nilikunja. Tumefundishwa kwamba kisichoandikika hakijakamilika. Hapa kuna muziki wa mji mkuu, wa watu waliosoma na wasiosoma, wenye mamia ya vipande vilivyochapishwa, na bado karatasi inafika mlangoni na kuvua viatu. Gurrufío wanapopiga merengue, wale wenye karatasi wanaingiza nota zao ndani ya kuchechemea kwa kuatro. Nota ni zilezile zilizoandikwa. Muda wake ni wa mkono wa Cheo.

Kilichobaki nje

Sitaki kuandika kana kwamba hakuna kilichopotea. Joropo la nyandani lina waimbaji, na waimbaji wana mashindano ya kujibizana kwa mashairi ya papo kwa papo, mmoja anatupa beti, mwingine anaikamata kwenye kina chake cha mwisho na kuirudisha. Anayeyajua malumbano ya washairi wetu atahisi yuko nyumbani. Lina pia wachezaji, mwanamume anayepiga visigino sakafuni mpaka miguu yake inakuwa chombo cha nne. Gurrufío ni muziki wa vyombo vitupu, na hadhira yao imekaa kwenye viti. Beti hazipo, visigino havipo.

Kwa mimi hiyo ni hasara halisi. Mtu anayelifahamu joropo kupitia rekodi zao tu hatajua kwamba ni muziki wa kuongea na kukanyaga. Na kuna hatari ya pili, kwamba kasi iwe ndiyo kipimo. Vijana wengi wanaowafuata wanashindana kwa wepesi wa vidole, na zipo rekodi za siku hizi ninazozisikiliza mpaka mwisho bila kusikia mahali pa kuvuta pumzi. Gurrufío wenyewe walikuwa na kasi, hakuna ubishi, lakini wasikilize kwenye valsi za polepole. Pale fluti inapochelewa kidogo kuachia nota ya mwisho na kuatro inamngoja, hujisikii kuonyeshwa ufundi. Unasikia watu wanne wanaojua jirani zao watakavyohema.

Walikuwa pia na bahati ya wakati. Mwaka 1975 José Antonio Abreu alianzisha mfumo wa okestra za vijana unaojulikana kama El Sistema, na kufikia 1984 kulikuwa na kizazi kizima cha vijana waliokuwa wanapiga Beethoven mchana na kukuta kuatro ukutani jioni. Kundi kama hili lilipotokea, lilikuta masikio yaliyo tayari kwa vyote viwili.

Cristóbal Soto baadaye aliondoka akahamia Paris, na huko aliendeleza kazi hiyohiyo na kundi la Recoveco pamoja na mpiga fidla Alexis Cárdenas, mtu wa Maracaibo. Cheo Hurtado naye alianzisha mwaka 2004 mashindano ya vijana wapiga kuatro, akayaita La Siembra del Cuatro, yaani kuatro kupandwa kama mbegu. Humo walikutana Jorge Glem, Héctor Molina na Edward Ramírez, na mwaka 2005 wakaunda C4 Trio: kuatro tatu, na baadaye besi. Chombo ambacho watu walikiona ni cha kusindikiza tu kilibeba wimbo, mwendo na ngoma, vyote kwa zamu, mikononi mwa vijana watatu.

Sisi watatu tulirudi kwenye kipande chetu majuma mawili baada ya lile jaribio la kwanza. Safari hii nilimwomba jirani yangu aje, mzee anayepiga ngoma harusini, hajui nota hata moja. Nilimpigia rekodi mara mbili. Mara ya kwanza alisikiliza tu. Mara ya pili alianza kugonga mbao za kiti, na kile kipigo kikavu, chak ya kuatro, alikipata kwa ukingo wa pete yake. Niligeuza stendi za nota zikatazama ukuta. Tulianza pale aliposema tuanze. Tulikosea nota nyingi jioni ile, mpiga gitaa alipotea kabisa katika sehemu ya pili, na yule mzee hakusimama kutungoja, akaendelea kugonga mpaka tukamrudia mmoja mmoja. Mwanafunzi wangu wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa anasubiri zamu yake mlangoni na fidla kwapani, alikuwa anachezesha bega.